Wakati Hutajwa Mara Moja: Namna Kiingereza Kinavyokanusha

Soma aya hii fupi. Nimeitunga kwa kufuata yale yanayojaa kwenye madaftari ya kidato cha kwanza na cha pili, kuanzia Tukuyu hadi Kilolo: "Last year the rain did not fell in Ismani. My father did not got enough maize. My sister doesn't goes to school now. We can't sold the cow."

Habari yenyewe inaeleweka vizuri. Mvua haikunyesha, baba hakupata mahindi ya kutosha, dada haendi shule, ng'ombe hauziki. Lakini vitenzi vinne vimekosewa, na vyote vimekosewa kwa namna inayofanana: kitenzi kisaidizi kimeshatangulia, na mwandishi amekibadili umbo kitenzi kikuu kana kwamba hakuna kilichotangulia.

Kosa hili halitokani na uvivu. Mwanafunzi aliyeandika "did not fell" amekariri safu tatu za vitenzi: go, went, gone, fall, fell, fallen. Ameambiwa kwamba akiona "yesterday" au "last year" achukue safu ya pili, naye ametii. Kanuni hiyo ni sahihi katika sentensi ya kukubali. Ambacho hakuelezwa ni kwamba nguvu yake inaishia pale "did" inapoingia. Kwa hiyo mwenye bidii ya kukariri ndiye anayenaswa zaidi, na mwalimu akichora mstari mwekundu juu ya "fell" bila neno lolote, anamwadhibu kwa kitu alichojifunza vizuri.

Maelezo anayoyahitaji yamo katika Kiswahili anachokizungumza tangu utotoni. Chukua "alifika". Ikanushe: "hakufika". Kiambishi -li- kimeondoka na -ku- imeshika nafasi yake. Ha- inakana, -ku- inaonyesha wakati uliopita, na -fika imebaki vilevile. Hakuna mtoto wa Mbeya wala wa Iringa anayesema "hakulifika", kwa sababu anajua bila kufundishwa kwamba wakati ukishatajwa hautajwi tena. Sasa weka "She did not arrive" chini yake. "Did" inafanya kazi ya -ku-, "not" inafanya kazi ya ha-, na "arrive" imebaki kama -fika ilivyobaki. Lugha hizi mbili hazina undugu, lakini hapa zinatii sheria moja.

Wakati uliopo nao haupishani sana na hilo. "Anafika" inakuwa "hafiki": -na- imeondoka, na irabu ya mwisho imegeuka kwa utaratibu wa Kiswahili chenyewe. Katika Kiingereza, ile s ya "arrives" inahamia kwenye "does", na kitenzi kikuu kinabaki wazi: "does not arrive". Anayeandika "doesn't goes" ameiandika s mara mbili.

Kiingereza chenyewe hakikuanza na utaratibu huu. Zamani kilikanusha kwa kuweka "not" baada ya kitenzi kikuu, kwa mtindo wa "he came not", na ukanushi wa aina hiyo bado umejaa katika Biblia ya King James ya mwaka 1611. Kitenzi kilibeba wakati kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuubeba. "Did" ilipozoeleka katika ukanushi, ikaupokea mzigo huo, na "came" ikarudi kuwa "come".

Hapa ndipo walimu wengi hutoa kanuni fupi ambayo baadaye inaleta hasara: baada ya "not", tumia kitenzi cha msingi. Mwanafunzi akiishika, kesho yake ataandika "has not arrive" na "is not come". Kinachoamua umbo la kitenzi si "not". Ni kisaidizi kilichotangulia. Do, does, did, pamoja na can, will, must na ndugu zake, hufuatwa na kitenzi cha msingi: "did not fall", "cannot sell". Have, has na had hufuatwa na safu ya tatu: "has not fallen". Is, are, was na were hufuatwa na kitenzi chenye -ing tendo linapoendelea, au na safu ya tatu tendo linapotendwa: "is not selling the cow", "the cow was not sold". Kisaidizi huamua hivyo hivyo hata "not" ikiondolewa: "can sell", "has fallen", "was sold". Kukanusha hakuongezi badiliko lingine.

Kuna sehemu zinazohitaji jicho kali. Ya kwanza ni vitenzi kama put na cut, ambavyo havibadiliki. Anayeandika "did not put" amepatia, lakini hatujui kama ameelewa, kwa hiyo zoezi lililojaa vitenzi hivyo halipimi kitu. Ya pili ni had na did zinapokuwa vitenzi vikuu. "We didn't had money" na "he didn't did his homework" ni makosa sugu, kwa sababu have na do hufanya kazi mbili, ukuu na usaidizi. Sahihi ni "didn't have" na "didn't do", hata kama do inaonekana mara mbili.

Ya tatu ni vitenzi viwili chini ya kisaidizi kimoja. Mwanafunzi huandika "He did not call or wrote": cha kwanza amekilinda, cha pili kimemponyoka kwa sababu kiko mbali. "Did" inavitawala vyote viwili, kwa hiyo ni "did not call or write". Ya nne ni "never". Inakana, lakini si kisaidizi na haibebi wakati, hivyo kitenzi kinaubeba chenyewe: "The bus never stopped at Mafinga." Aliyekariri kwamba kila ukanushi unadai kitenzi cha msingi ataandika "never stop" akisimulia safari ya jana.

Shule za msingi za serikali zinafundishia kwa Kiswahili tangu 1967, na mtoto akivuka kwenda sekondari anakutana na Kiingereza katika karibu kila somo. Kwa wengi wa Rungwe au Iringa vijijini, hiyo ni lugha ya tatu, baada ya Kinyakyusa au Kihehe na Kiswahili. Katika shule nyingi Kiswahili hupigwa marufuku mara tu mtoto anapovaa sare ya sekondari. Nasema wazi: kwa somo hili, marufuku hiyo inamnyima mtoto ufunguo alionao mkononi. Dakika tano za "alifika, hakufika" ubaoni, sambamba na "arrived, did not arrive", zinaokoa wiki za kukariri.

Usahihishaji nao ubadilike. Badala ya kukata "fell", mwalimu apigie mstari "did" na aandike pembeni: wakati umetajwa wapi? Swali hilo linamrudisha mwanafunzi kwenye sababu, na sababu ndiyo itakayomsaidia kwenye sentensi ambayo hajawahi kuiona. Maswali yafundishwe siku hiyo hiyo, maana "Did it fell?" ni kosa lile lile.

Nyanda za Juu Kusini haziko mbali na wanaoweza kulifanya hili. Mkwawa pale Iringa ni chuo kishiriki cha elimu cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 2005, na Mbeya ina Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji. Walimu watarajiwa wa Kiswahili na wa Kiingereza waandae pamoja somo la ukanushi kabla ya kwenda mafunzo kwa vitendo. Anayejua kueleza kwa nini hatusemi "hakulifika" ana nusu ya somo la "did not arrive" tayari, na mwenzake wa Kiingereza anayo nusu iliyobaki.