Keukenhof: Tuta Moja, Maua Mara Tatu

Bustani ya Keukenhof, katika mji wa Lisse nchini Uholanzi, hufunguliwa wiki 8 tu kwa mwaka, kuanzia katikati ya Machi hadi katikati ya Mei. Tulipu moja haidumu muda wote huo. Hata hivyo, anayeingia mwanzoni na anayeingia mwishoni wote hukuta matuta yamejaa rangi. Inawezekanaje?

Kazi huanza Oktoba. Watunza bustani hupanda kwa mikono vitunguu vya maua takriban milioni 7 katika hekta 32, na kwenye matuta mengi huvipanga kwa tabaka. Chini kabisa hukaa tulipu zinazochelewa, juu yake tulipu za mapema, na karibu na uso wa ardhi vitunguu vidogo vya krokasi. Krokasi zikinyauka, majani ya tulipu za mapema yameshazifunika. Nazo zikipukutika, zile za chini zimeshapenya. Kwangu mimi huu ndio ufundi mkuu wa Keukenhof, kuliko hata michoro ya rangi inayopigwa picha sana.

Ufundi huo usingefaa kitu bila baridi. Ua la tulipu hujiumba ndani ya kitunguu tangu kiangazi, kisha hungoja. Shina halirefuki vizuri mpaka kitunguu kipate wiki 12 hadi 16 za udongo wa baridi, chini ya nyuzi 10 hivi. Kikikosa baridi hiyo, ua hudumaa katikati ya majani au hufia ndani. Ndiyo maana kitunguu kilichonunuliwa Lisse kikipandwa moja kwa moja Tanga hakitoi ua la maana, hata ukimwagilia vipi.

Maua yakiisha, vitunguu vyote hung'olewa. Kitunguu kilichochanua hugawanyika kuwa vidogo, na mwaka unaofuata maua yake huwa hafifu. Kwa hiyo kila mwaka hupandwa vipya, na gharama hiyo inabebeka kwa sababu wakulima wapatao 100 hutoa vitunguu bure: tangu bustani ifungue milango mwaka 1950, hapo ndipo wanapowaonyesha wanunuzi bidhaa zao.

Ukipata nafasi ya kwenda, lenga katikati ya Aprili. Machi huwa hasa ni krokasi na dafodili. Ukirudi na vitunguu Afrika Mashariki, viweke kwenye friji miezi 3 kabla ya kupanda, mbali na matunda yanayoiva, kwani gesi ya matunda hayo huua ua likiwa bado changa ndani ya kitunguu.