Waandishi wa Ziwa Mbele ya Wasomaji Wao

Maonyesho ya vitabu hupimwa kwa desturi kwa mambo mawili: hesabu ya watu waliohudhuria na hesabu ya vitabu vilivyouzwa. Vipimo hivyo vyamfaa mwuza vitabu, wala hatuna sababu ya kuvidharau. Lakini mhakiki ana swali lake lisilojibiwa na hesabu. Mwandishi atokeapo mbele ya watu wa kwao, kitabu chake chapata nini? Je, chapata wasomaji, au chapata watazamaji tu? Makala haya yakusudia kulitazama swali hilo kwa upande wa Butimba, mtaa wa jiji la Mwanza ulio kando ya Ziwa Viktoria, na kwa mfano wa waandishi watatu ambao meza yoyote ya vitabu mahali pale haiwezi kuwakosa: Aniceti Kitereza, Euphrase Kezilahabi na Gabriel Ruhumbika. Wote watatu ni wa kisiwa kimoja, Ukerewe, ambacho kutoka bandari ya Mwanza ni safari ya meli ya saa chache.

Butimba pamefaa kuchaguliwa kwa sababu ya chuo chake cha ualimu, ambacho kwa miaka mingi kimejulikana kwa kufundisha sanaa: muziki, uchoraji na michezo ya kuigiza. Kitabu kinachopendwa na mwanachuo wa ualimu hakikai mahali pamoja. Hufuatana naye mpaka shule atakayopelekwa, na huko hupata wasomaji ambao mwandishi hakuwaota. Basi linalotendeka Butimba juu ya vitabu si jambo la mtaa mmoja.

Wala mtu asidhani kwamba mtungaji kusimama mbele ya hadhara ni jambo geni katika nchi hii. Wasukuma wana desturi ya mashindano ya ngoma kati ya Bagika na Bagalu. Vyama viwili hucheza wakati mmoja, kila kimoja kwenye uwanja wake, na watu wako huru kwenda upande wautakao. Upande uliovuta watu wengi zaidi ndio ulioshinda. Hapo mtungaji wa nyimbo hahukumiwa na wazee watatu waliokaa kitini, bali na miguu ya watazamaji. Hukumu hii ni kali. Mtungaji aliyezembea huona uwanja wake ukipungua watu ilhali yeye angali akiimba.

Desturi hiyo yatufundisha mambo mawili. La kwanza, watu wa Mwanza na vijiji vyake si mabubu mbele ya sanaa. Wana mazoea ya kupima maneno, kuchagua na kukataa. Wenye kuandaa maonyesho wakiwafanya kuwa watoto wa kufundishwa kupenda vitabu, wamekosea tangu mwanzo. La pili, hukumu ya uwanjani ni hukumu ya sauti na ya saa ile ile. Wimbo husikiwa, ukapendwa au ukaachwa, mambo yakaisha. Kitabu sivyo kilivyo. Kitabu chataka mtu ajitenge, akisome polepole, arudi nyuma, abishane nacho. Maonyesho yanayomweka mwandishi jukwaani na kumpima kwa makofi aliyopigiwa yamempima kama mwimbaji, na kwa kipimo hicho mwandishi mwenye haya atashindwa na mwandishi mwenye maneno mengi, vitabu vyao viwe vya namna gani.

Tumtazame Kitereza. Alizaliwa mwaka 1896, akapata elimu ya kanisa, na mwaka 1945 akamaliza kuandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Myombekere na mkewe Bugonoka. Kwa miaka 35 kazi hiyo haikupata mpiga chapa. Lugha yake ilikuwa na wasemaji wachache, na hapakuwa na nyumba ya vitabu iliyotaka kujitia hasara kwa ajili yao. Mwishowe mwandishi, akiwa mzee, aliifasiri yeye mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Naye alifariki mwaka 1981, kabla kitabu hakijafika mikononi mwake. Baada ya hapo kilifasiriwa kwa Kijerumani, na mwaka 2002 kikatoka kwa Kiingereza kwa kazi ya Ruhumbika.

Mwandishi huyu hakupata hata siku moja kukaa kwenye meza ya maonyesho na kitabu chake mbele yake. Lakini kati ya watatu hawa, kitabu chake ndicho kinachofaa zaidi kusomwa kwa sauti mbele ya watu. Kisa chake cha mwanzo ni chepesi kueleza: mke hana mtoto, ndugu za mume wamtukana, wazazi wake wamrudisha kwao, na mume, badala ya kuoa mwingine, aenda ukweni kumwomba. Atozwa faini ya pombe ya ndizi. Mwandishi hatuambii tu kwamba pombe ilipikwa. Atupitisha katika kila hatua ya kazi hiyo, na majirani wote waliosaidia, na adabu zote za kuipeleka. Wako waliosema kwamba hayo ni maelezo ya mila yaliyovishwa kanzu ya hadithi. Lawama hiyo ina haki kidogo, maana ziko kurasa ambamo mwandishi amwacha Myombekere njiani ili atufundishe dawa au chombo. Lakini kwa jumla lawama hiyo yakosea. Katika kitabu hiki polepole ya kazi ndiyo kipimo cha mapenzi. Mume ambaye angemrudisha mkewe katika ukurasa mmoja angekuwa mume mwingine.

Kezilahabi ni kinyume chake. Alizaliwa mwaka 1944, miaka karibu hamsini baada ya Kitereza, na Ukerewe yake ni ya shule, vyeti, ulevi na aibu. Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971, yaeleza binti aliyelelewa kwa ukali na baba mlevi, akaenda masomoni, na uhuru aliousikia kwa mara ya kwanza ukamwangamiza. Kitabu kilizuiwa kwa muda kisisomwe mashuleni, kisha kikaja kuwa miongoni mwa vitabu vinavyofundishwa. Baadaye zikafuata Kichwamaji mwaka 1974, Dunia Uwanja wa Fujo mwaka 1975 na Gamba la Nyoka mwaka 1979. Mwishowe Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, ambazo zimewaacha wasomaji wengi mlangoni. Alifariki mwaka 2020.

Sentensi za Kezilahabi ni fupi na maneno yake ni ya kila siku. Wakati wake walikuwako walioona kwamba huo ni upungufu wa mtu wa bara asiyejua utajiri wa lugha. Twaona kinyume. Katika Rosa Mistika mambo mabaya huelezwa kwa utulivu ule ule unaotumika kueleza chakula cha jioni, na hapo ndipo penye nguvu. Mapambo ya maneno yangemfariji msomaji. Mwandishi hakutaka afarijiwe. Aibu yake iko mahali pengine: huharakisha kifo. Kazimoto wa Kichwamaji na Tumaini wa Dunia Uwanja wa Fujo wote wafikishwa kwenye mauti kwa upesi unaomfanya msomaji aulize kama ni maisha yaliyowaua au ni mwandishi. Swali hilo lafaa kuulizwa na wanachuo wa Butimba hadharani, nalo ni bora kuliko sifa kumi.

Ruhumbika, aliyezaliwa mwaka 1938, alianza kwa Kiingereza. Riwaya yake Village in Uhuru ilitoka mwaka 1969, kisha akahamia Kiswahili: hadithi fupi za Uwike Usiwike Kutakucha mwaka 1978, Miradi Bubu ya Wazalendo mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Janga Sugu la Wazawa lililofuata. Katika Miradi Bubu historia ya nchi yaenda sambamba na maisha ya watu wawili, ambao mmoja apanda na mwingine abaki chini. Ujuzi wa mambo ni mwingi, na hasira ya mwandishi ni ya haki. Lakini mara kwa mara historia husimama mbele ya mtu ikamficha, na msomaji hujikuta ameelezwa habari za miaka ile kuliko alivyomwona aliyeishi ndani yake. Hata hivyo, uamuzi wake wa kuacha lugha iliyompa jina ng'ambo na kuandika kwa lugha ya wale aliowaandika ni tendo la uhakiki lenyewe, na kazi yake ya kumfasiri Kitereza ni deni alilowalipia wengi.

Sasa twaweza kuona lililo kubwa katika mambo haya. Waandishi watatu wa kisiwa kimoja wamefika kwenye Kiswahili kwa njia tatu: mmoja kutoka Kikerewe, mmoja kutoka Kiingereza, na mmoja kwa Kiswahili chenyewe alichokipata shuleni. Hakuna hata mmoja aliyenyonya Kiswahili kwa mama. Kwa muda mrefu wataalamu, tukiwa warithi wa Kamati ya Lugha iliyosimamia usanifishaji wa Kiunguja tangu mwaka 1930, tumewapima waandishi wa namna hii kwa umbali wao kutoka pwani. Kezilahabi alipotoa mashairi ya Kichomi mwaka 1974, bila vina wala mizani, ugomvi uliozuka ulikuwa juu ya kanuni, lakini chini yake ulikuwako ugomvi mwingine juu ya nani mwenye lugha. Mulokozi na Kahigi walipokiita kitabu chao Malenga wa Bara mwaka 1976, jina lenyewe lilikuwa jibu. Kipimo cha umbali kimechakaa. Kiswahili cha Kitereza kimebeba majina ya vyombo, dawa na heshima ambazo hazikuwa ndani ya Kiswahili, na kwa hiyo lugha imetoka Ukerewe ikiwa na mali zaidi kuliko ilivyoingia.

Kwa sababu hiyo jina la "waandishi wa Ziwa" lataka hadhari. Likitumika kumwambia msomaji wa Butimba kwamba mambo haya yaliandikwa karibu nawe, ni jina jema. Likitumika kuwaweka waandishi kwenye meza ya pembeni, kama watu wa kwetu wanaostahili kupigiwa makofi kwa kuwa wa kwetu, ni tusi lililovaa heshima. Ujirani ni sababu ya kufungua kitabu. Si sababu ya kukisifu.

Wenye kuandaa maonyesho basi wangefanya vema kuzingatia mambo matatu. Kwanza, wasiyategemee maonyesho kwa mwandishi kuwapo kwa mwili. Kitereza na Kezilahabi wamekwisha kufariki, na maonyesho yanayojua kuheshimu walio hai peke yao yatasahau vitabu bora vya nchi hii. Wanachuo wenye mazoea ya jukwaa wapewe kurasa za kusoma kwa sauti, nao wajiandae kama wanavyojiandaa kwa mchezo. Pili, kitabu kitangulie mwandishi. Nakala zipelekwe shuleni na katika maktaba ya mkoa majuma kadhaa kabla, ili watu waje na maswali, wasije kwa kutazama sura. Tatu, lugha za wenyeji zipewe nafasi mezani. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 yatia moyo kuandika, kuhifadhi na kufasiri maandiko ya lugha hizo. Lakini mwandishi wa Kisukuma, Kikerewe au Kijita bado ana shida ile ile iliyomweka Kitereza miaka 35. Pengine muswada wa namna hiyo umo sandukuni hata leo, na mwenyewe aona haya kuutoa kwa kuwa hajaambiwa kwamba una mahali.

Sisi wa taasisi hatuko nje ya lawama hii. Tumeandika mengi juu ya riwaya ya Kiswahili, lakini maandiko yetu husomwa na sisi wenyewe. Mtu wa Butimba aliyezoea kuhukumu ngoma kwa miguu yake aweza kuhukumu riwaya kwa akili yake, ikiwa riwaya imemfikia na bei yake haimshindi. Hukumu yake huenda isikubaliane na yetu. Aweza kumwona Kitereza mrefu mno, au Kezilahabi mkali mno kwa watu wa Namagondo anaowafahamu. Hukumu za namna hiyo, zikitolewa kwa sababu na zikiandikwa, zafaa kuingia katika kurasa kama hizi, maana fasihi isiyokataliwa na mtu yeyote kwao haijasomwa bado.