Heshima ya Mpiga Picha

Namsifu mpiga picha wa uwanjani, yule anayefika kanisani Kalimoni, hapa kwetu Juja, kabla ya maharusi. Watu humwona akibonyeza kamera, lakini sehemu kubwa ya kazi yake huwa imekwisha fanyika, pale alipozunguka kanisa akitazama jua litapiga ukuta upi na kivuli kitaangukia wapi saa ya misa kwisha.

Huku Juja, nchini Kenya, kati ya Ruiru na Thika, tuko takriban digrii moja tu kusini mwa Ikweta. Jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu, kisha hupanda karibu wima, digrii 15 kila saa. Kwa hiyo ule mwanga mpole wa ubavuni, unaoipa ngozi nyeusi mng'ao wake, hudumu kwa muda wa kama saa moja asubuhi na muda kama huo jioni. Adhuhuri, hasa Machi na Septemba, jua husimama utosini: macho huzama gizani, na pua huangusha kivuli mdomoni. Nazo harusi nyingi hutoka kanisani wakati huo huo.

Fundi hababaiki. Huwapeleka watu wake barazani, chini ya paa, nyuso zikielekea nje, ili wapate mwanga wa anga bila ukali wa jua. Chini ya mti huwa mwangalifu, maana majani humwaga ukijani mashavuni. Udongo mwekundu nao hurudisha wekundu wake kidevuni, basi huutandikia shuka jeupe. Akiweka taa, anajua kwamba ikisogezwa mbali mara mbili, mwanga unaobaki ni robo. Hatua moja ya msaidizi hubadili sura nzima. Na stendi ya taa huikaza kwa mfuko wa mchanga, upepo usije ukaiangusha.

Yote hayo huyafanya kwa ajili ya uso. Kamera ikiachwa ijipimie mwanga, weupe wa shela huipotosha, na uso wa bibi harusi hutoka mweusi usiosomeka. Fundi hupima mwanga usoni kwanza, mengine yafuate.

Maandalizi haya si mapya. Mpiga picha Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948, alipiga picha nyingi uani kwa mwanga wa mchana, na kwa kawaida kila mteja alipata picha moja tu, maana filamu ilikuwa ghali. Ilimbidi aweke sawa mkono, vazi na mkao kabla ya kubonyeza. Leo kadi ya kamera hubeba maelfu ya picha, lakini wingi huo haumwoshi mtu kivuli cha adhuhuri machoni.

Kwa hiyo, ndugu msomaji mwenye harusi au mahafali, usianze kwa kumuuliza mpiga picha ana kamera gani. Muulize atakuja lini kulitazama jua la mahali penu. Kisha panga ratiba yako umwachie ule muda wa jioni kabla ya jua kuzama.