Mlango wa Kuingilia Vioja: Mtazamaji Mpya na Vipindi vya Zamani

Utangulizi

Swali la iwapo mtazamaji mpya wa mfululizo mrefu anapaswa kurudi nyuma na kuvitazama vipindi vyake vya awali huchukuliwa mara nyingi kuwa swali la burudani tu. Makala haya yanalichukua kuwa swali la uhakiki, kwa kuwa jibu lake hutegemea namna tunavyouelewa uhusiano kati ya sehemu moja ya kazi na kazi nzima. Mifano inayorejelewa ni Vioja Mahakamani na Vitimbi, michezo ya kuchekesha iliyoanza kurushwa katika televisheni enzi za Sauti ya Kenya, kabla ya shirika hilo kuitwa Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC) mwaka 1989. Michezo hii ililelewa katika Barabara ya Harry Thuku jijini Nairobi, barabara ambayo pia ina Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo uliofunguliwa mwaka 1952, na ambayo inapita kando ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Pamoja na ujirani huo, uhakiki wa drama umekuwa mwepesi zaidi kuuzungumzia mchezo wa jukwaani na tamthilia iliyochapishwa kuliko vichekesho vya studio ya jirani.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mtazamaji mpya halazimiki kuanza na vipindi vya zamani ili aburudike. Hata hivyo, akiishia kwenye vipya atakuwa amekipata kicheko na kukikosa kilichokifanya kicheko hicho kihitajiwe.

Kesi Moja na Kazi Nzima

Wanaoshikilia kwamba hakuna haja ya kurudi nyuma wana hoja yenye uzito. Umbo la Vioja Mahakamani ni la kesi. Mshtakiwa hupandishwa kizimbani, akasomewa mashtaka, kiongozi wa mashtaka akamhoji, mashahidi wakasema, hakimu akatoa uamuzi. Msuko huanza na kwisha katika kipindi kimoja. Asiyeijua kesi ya wiki iliyopita hapotezi uzi wa kesi ya leo. Kwa maana hii, mchezo huu ni tofauti na riwaya ambayo sura yake ya kumi haieleweki bila ya tisa.

Hata hivyo, kujitosheleza kwa msuko si kujitosheleza kwa maana. Mfano wa karibu unapatikana katika riwaya za upelelezi za Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale (1960) na Kisima cha Giningi (1968), kila riwaya ina fumbo lake na ufumbuzi wake, na msomaji anaweza kuanza na yoyote. Lakini mwaka 1984 ilitokea riwaya yenye jina Kosa la Bwana Msa. Jina hilo linamlenga msomaji aliyekwisha kumzoea Bwana Msa kama mtu asiyekosea. Kwa msomaji mgeni, kosa la mtu asiyemjua ni kosa tu. Kwa msomaji wa siku nyingi, ni tukio. Yaani, katika mfululizo wa aina hii, kinachoendelea kutoka sehemu moja hadi nyingine si kisa bali ni matarajio ya hadhira kuhusu mhusika.

Ndivyo ilivyo katika vioja. Wahusika wake wengi ni bapa, na ubapa huo haupaswi kuhesabiwa moja kwa moja kuwa udhaifu wa fani. Mhusika bapa wa mfululizo hujengwa kwa marudio. Anapofungua kinywa, hadhira iliyomzoea huanza kucheka kabla hajasema lolote, kwa sababu inakumbuka. Mtazamaji mpya hulisikia neno, lakini hana kumbukumbu inayolitangulia.

Mahakama ya Mchezo na Mahakama ya Mji

Sababu ya pili ya kurudi nyuma ni ya kihistoria, na ndiyo nzito zaidi. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai nchini Kenya iliweka Kiingereza kuwa lugha ya Mahakama Kuu, na Kiingereza au Kiswahili kuwa lugha ya mahakama za chini. Kwa hiyo mahakama ya Vioja, inayoendesha shughuli zake kwa Kiswahili, ni taswira ya mahakama ya chini: ile ambayo mchuuzi, mpangaji na mlevi wa Nairobi hufikishwa mbele yake, iwe Makadara au Kibera. Katika mahakama hiyo ya mchezo mshtakiwa husema. Husema mno, hutoka nje ya swali, humjibu kiongozi wa mashtaka kwa methali, na hakimu humrudisha kwenye mada. Kichekesho chote kimejengwa juu ya haki ya mshtakiwa kusikilizwa, hata anapoitumia vibaya.

Sasa haina budi kukumbukwa ni miaka ipi mchezo huu ulikuwa ukipendwa. Mwaka 1982 Kenya ilifanywa kisheria kuwa nchi ya chama kimoja, na ikabaki hivyo hadi 1991. Kuanzia mwaka 1986 watu walioshukiwa kuwa wafuasi wa Mwakenya walikamatwa, wengi wakateswa katika vyumba vya Nyayo House, katikati ya jiji, kisha wakafikishwa mahakamani ambako walikiri mashtaka na kufungwa baada ya kesi zilizochukua muda mfupi sana. Katika jiji hilo hilo, shirika la utangazaji la dola liliwaonyesha wananchi mahakama ambayo mshtakiwa anaweza kuuchelewesha uamuzi kwa maneno matupu.

Tofauti hii inaweza kusomwa kwa namna mbili. Msomaji mkali atasema kwamba kichekesho kilikuwa pazia: kilimpa mtazamaji mahakama ya haki ili asiiulizie ile halisi. Msomaji mwenye subira atasema kwamba kilihifadhi katika fikra za watu picha ya jinsi mahakama inavyopaswa kuwa, wakati ambapo picha hiyo ilikuwa ngumu kuionyesha kwingine. Si lazima moja liliondoe jingine. Lililo muhimu ni kwamba mtazamaji wa vipindi vipya peke yake hawezi hata kuliuliza swali hili. Yeye anaishi chini ya katiba ya mwaka 2010, iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na amekulia katika nchi ambayo kikundi cha Redykyulass kilikwisha kumwigiza Rais Moi mbele ya kamera naye akiwa bado madarakani. Kwake, kumcheka mkubwa ni jambo la kawaida. Akiutazama mfululizo wa zamani, atatambua kwamba anayechekwa kizimbani karibu kila mara ni mtu mdogo. Kutokuwapo kwa wakubwa kizimbani ni sehemu ya matini, na inafaa kuhakikiwa kama sehemu nyingine yoyote.

Lafudhi ya Mzee Ojwang'

Pingamizi kubwa dhidi ya vipindi vya zamani linahusu ukabila. Vichekesho hivi vilitegemea sana lafudhi: Kiswahili cha mhusika hutangaza atokako, na hadhira hucheka. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, mtazamaji kijana ana haki ya kuuliza kwa nini ajifunze kucheka kwa njia hiyo.

Jibu haliwezi kuwa kwamba zamani watu hawakuwa wepesi wa kuudhika. Linapaswa kuanzia kwa mfano wenyewe. Mzee Ojwang', mhusika mkuu wa Vitimbi, ni mzee wa Kijaluo, mumewe Mama Kayai aliyeigizwa na Mary Khavere. Aliyemwigiza Ojwang' ni Benson Wanjau, Mkikuyu. Baada ya kuuawa kwa Tom Mboya mwaka 1969 na uhasama wa kisiasa uliofuata kati ya jamii hizo mbili, si jambo dogo kwamba Mkikuyu aliivaa sauti ya mzee wa Kijaluo kwa miongo kadhaa, akapendwa na pande zote, na alipofariki Julai 2015 akaliliwa na nchi nzima. Anayekiona kipande kimoja kwenye intaneti husikia lafudhi inayochekwa. Aliyeufuata mfululizo husikia pia mapenzi yaliyojengeka taratibu kwa mzee huyo, kwani marudio yaliyomfanya kuwa bapa ndiyo yaliyomfanya kuwa wa nyumbani.

Hilo halifuti kasoro. Kupendwa kwa mhusika mmoja hakuondoi dhana finyu zinazobebwa na wengine, na mapenzi ya hadhira hayakuzuia umwagaji damu. Lakini anayevikataa vipindi hivi bila kuvitazama huiacha dhana hiyo bila kuihakiki, ilhali vichekesho vya leo vinaendelea kuirithi.

Hitimisho: Aanzie Wapi?

Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walipopendekeza kuondolewa kwa Idara ya Kiingereza katika chuo kikuu cha Nairobi, hoja yao ilihusu kitovu: mwanafunzi aanze na kilicho karibu naye, kisha atazame mbali. Kanuni hiyo, iliyohusu mahali, yafaa kwa wakati pia. Mtazamaji mpya na aanze na kipindi cha leo, chenye Kiswahili anachokisikia mtaani na kesi anazozitambua. Kumlazimisha aanze na vya kale ni kumfanya aone mfululizo kama deni. Akishapata sababu ya kucheka, arudi nyuma, asivitazame vyote, bali vile vya miaka ambayo jiji lilikuwa na mahakama mbili, ya studio na ya kweli. Kwa mwanafunzi wa fasihi, safari hiyo ya kurudi haina hiari. Hawezi kuihakiki hukumu ya leo bila kujua ni nani waliokuwa wakiruhusiwa kusema kizimbani jana.