Daftari la Roho: Faida Yake na Hatari Yake

Wenye maduka katika soko la Bunia hawahitaji kufundishwa mithali hii: mali bila daftari hupotea bila habari. Jioni, kabla ya kufunga mlango, mwenye duka hufungua kaye yake na kuandika kilichouzwa, kilichokopwa, na jina la aliyekopa. Asipoandika, mwisho wa mwezi atashangaa fedha zimekwenda wapi, na kumbe hakuna mwizi aliyeingia.

Basi Wakristu wengi wameuliza: ikiwa twaandika habari za sabuni na chumvi, mbona hatuandiki habari za roho zetu? Swali hili ni jema. Katika parokia zetu twaona watu, hasa vijana na walimu wa dini, wenye daftari la roho. Asubuhi huandika humo sala watakazosali, sura ya Injili watakayosoma, siku watakayokwenda kuungama. Na jioni hutia alama penye jambo lililotimizwa. Wengine huandika katika simu. Hatutaki kuwakataza, bali twawasifu. Lakini twataka kulipima jambo hili pamoja nao, maana daftari la roho laweza kuwa njia ya kumwendea Mungu, na laweza pia kuwa kioo, mtu akajitazama mwenyewe mchana na usiku.

Ili tupime sawasawa, tutazame kwanza kitabu cha mtu aliyeifanya kazi hii maisha yake yote.

Angelo Giuseppe Roncalli alizaliwa tarehe 25 Novemba 1881 katika kijiji cha Sotto il Monte, upande wa Bergamo, nchi ya Italia. Wazazi wake walikuwa wakulima, waliolima shamba la mwingine na kugawana naye mavuno. Mwaka 1895, alipokuwa kijana katika seminari ya Bergamo, alianza kuandika habari za roho yake, wala hakuacha hata uzeeni. Tarehe 28 Oktoba 1958 alichaguliwa kuwa Papa, akajiita Yohane XXIII. Alifariki tarehe 3 Juni 1963, na mwaka uliofuata maandiko yake yalitolewa kuwa kitabu kwa kazi ya katibu wake, Loris Capovilla. Jina lake kwa Kiitaliano ni Il Giornale dell'anima, ndiyo kusema, kitabu cha roho cha kila siku. Mwaka 2014, tarehe 27 Aprili, Papa Fransisko alimtangaza kuwa Mtakatifu.

Kwetu sisi wa Ituri, huyu si mtu wa mbali. Ndiye Papa aliyeyafanya makanisa ya Kongo kuwa majimbo kamili tarehe 10 Novemba 1959, na siku hiyo Vikarieti ya Ziwa Albert ikawa Jimbo la Bunia. Tukisoma daftari lake, twasoma daftari la baba.

Je, ni kitabu chema? Twajibu: ni chema, lakini lazima kusomwa kwa akili.

Mwanzoni tunakuta kanuni alizozishika tangu ujana. Zimepangwa vizuri: mambo ya kila siku, ya kila juma, ya kila mwezi, ya kila mwaka, na mambo ya nyakati zote. Mpango huu ni fundisho kubwa. Mtu asiyejua atasali saa ngapi, mara nyingi hasali kabisa. Mkulima hapandi maharagwe siku anayojisikia kupanda. Hupanda mvua inapokuja. Na roho pia ina majira yake.

Baada ya kanuni zinafuata kurasa nyingi za kujilaumu. Kijana Roncalli ajishitaki kwamba asema mno, kwamba apenda kuonekana ana akili, kwamba mawazo yake yatangatanga wakati wa sala. Akusudia kujirekebisha. Baada ya muda twamkuta tena pale pale, na kosa lile lile, na kusudi lile lile. Hatutaficha: kurasa hizi zachosha. Msomaji atakaye hadithi tamu atafunga kitabu kabla hajafika mbali.

Lakini asiyefunga kitabu atapata faraja ambayo vitabu vingi vya maisha ya watakatifu havimpi. Vitabu hivyo mara nyingi vyatuonyesha Mtakatifu aliyekwisha iva, kama embe lililoletwa sokoni; hatuoni jua wala upepo uliolipiga mtini. Hapa twaona mtu anayeanguka, aandikaye kwamba ameanguka, na kuanza tena bila kuficha. Uchovu wa kurasa zile ndio ukweli wake.

Tena kitabu kina mahali pa kugeuka. Mnamo Januari 1903 Roncalli aligundua kosa katika njia yake. Alikuwa akijaribu kumfuata Mtakatifu Aloisi Gonzaga katika kila kitu, kama mtoto anayepitisha kalamu juu ya mistari ya mwalimu. Ndipo akafahamu kwamba Mungu hakumwita awe Aloisi wa pili. Kutoka kwa watakatifu yatupasa kuchukua kiini cha fadhila zao, tukigeuze kuwa damu yetu, kila mtu kwa tabia yake na kwa hali ya maisha yake. Kwa maoni yetu, hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika kitabu kizima.

Na hapo ndipo tunaposema kasoro yake, au tuseme kasoro ya wanaokisoma vibaya. Kanuni zile ziliandikwa kwa kijana wa seminari, mwenye kengele ya kumwamsha, chakula mezani, na kikanisa mlangoni. Mama wa hapa Bunia aamkaye alfajiri kutafuta maji, kisha aende shambani au sokoni, kengele yake ni mtoto anayelia. Mchimba dhahabu wa Mongbwalu akitoka shimoni, mikono haiwezi hata kushika kalamu. Mtu akiwapa hawa kanuni za seminari jinsi zilivyo, watazishika juma moja, halafu wataziacha na kusema kwamba utakatifu ni kazi ya mapadri. Atakayenakili kanuni za Roncalli neno kwa neno arudia kosa ambalo Roncalli mwenyewe alilitubu juu ya Aloisi.

Kwa watu wa kazi nyingi, mashauri ya Mtakatifu Inyasi wa Loyola ni mepesi zaidi. Katika kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho, kilichokubaliwa na Papa mwaka 1548, anafundisha kushindana na kosa moja tu kwa wakati mmoja. Asubuhi mtu akumbuke kosa hilo. Mchana na jioni ajihoji, na kila alipoanguka atie nukta katika mstari wa siku ile. Kisha alinganishe siku na siku, juma na juma. Kazi hii yataka karatasi ndogo tu na ukweli wa moyo.

Lakini hata nukta zina hatari yake, nasi tuliiona kwa macho yetu. Tulipokuwa seminarini tulichora kaye yetu kwa rula: safu ya Misa, safu ya kutafakari, safu ya Rozari, safu ya ukimya. Mwisho wa muhula misalaba midogo ilijaa kurasa kama mahindi katika shamba la rutuba. Tukaipeleka kwa padri wa kiroho, tukitazamia sifa. Yeye akafunua ukurasa baada ya ukurasa bila haraka, akatuuliza neno moja tu: «Na ndugu yako wa kitanda cha pili, ambaye hamsemezani tangu Kwaresima, yumo ukurasa gani?»

Hatukuwa na jibu. Akaturudishia kaye na kusema: «Ongeza safu moja.» Tuliiongeza usiku ule ule. Zilipita siku tisa kabla hatujaweza kutia alama ya kwanza ndani yake, ingawa safu nyingine zote ziliendelea kujaa bila taabu.

Ndugu msomaji, hapo tulifahamu mfano wa Farisayo katika Injili ya Luka. Farisayo yule hakudanganya. Alifunga kweli, alitoa zaka kweli. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Lakini alimletea Mungu hesabu kama mtu anayekuja kudai mshahara, tena akamdharau mtoza ushuru aliyesimama nyuma. Daftari lisilo na jina la jirani hata moja lafanana na sala ya mtu huyo.

Kwetu Ituri neno hili si la mchezo, maana sisi tuna daftari jingine lisiloandikwa kwa wino. Vita vya mwaka 1999 hadi 2003, na mauaji yaliyoanza tena mwaka 2017, vimeacha katika kila kabila hesabu ya wafu wake. Hesabu hiyo hufundishwa watoto jioni jikoni: hawa walituua wangapi, mahali fulani, siku fulani. Mtu aweza kujaza daftari la Rozari kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto akatunza hesabu ya kisasi, wala daftari moja lisilifahamu jingine. Lakini Mtume Paulo afundisha kwamba upendo hauhesabu mabaya.

Hatusemi haki isidaiwe. Mahakama zina kazi yake, na ushahidi uandikwe, uhifadhiwe. Twasema juu ya moyo. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025, huko Komanda, katika parokia yenye jina la Mwenye Heri Anuarite, watu wenye silaha waliwashambulia Wakristu waliokuwa wamekusanyika kwa kesha la sala. Watu zaidi ya 40 waliuawa, na miongoni mwao vijana wa Krusada ya Ekaristi. Je, jioni ya siku kama ile Mkristu aandike nini? Atie alama kwamba Rozari imesaliwa, basi? Twaona afadhali aandike ukweli: «Bwana, leo nachukia.» Hilo nalo ni sala, na wenye Zaburi walisali hivyo. Chuki iliyoandikwa mbele ya Mungu yaweza kuponywa. Chuki iliyofichwa nyuma ya misalaba mizuri huoza.

Na huyo Anuarite, bikira wa Wamba aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, alimsamehe mwuaji wake wakati ule ule wa kufa. Msamaha wa namna hiyo hauwezi kuandaliwa katika dakika moja. Uliandaliwa siku kwa siku, katika mambo madogo ya utawa: kusamehe neno kali, kumhudumia mwenzake aliyechoka. Kazi ya daftari ni hiyo: kutuandaa kwa siku tusiyoijua.

Basi twatoa mashauri machache.

Kwanza, chagua jambo moja tu kwa mwezi, linalofaa hali yako. Baba mlevi asianze na noveni tatu. Aanze na chupa.

Pili, andika jioni ile ile, tena kidogo: umshukuru Mungu kwa nini, umwombe samahani kwa nini, na kesho utafanya nini. Katika mstari wa kesho liwemo jina la mtu. Mapadre Weupe, kwa agizo la Kardinali Lavigerie mwanzilishi wao, waliandika katika kila misioni habari za kila siku. Maandiko hayo yalihusu kazi ya misioni, si siri za roho, lakini yatufundisha kuandika kumbukumbu ingali mbichi. Ukisahau siku tatu, usijaze nyuma kwa kubuni. Acha nafasi wazi. Nafasi wazi ni kweli, na alama ya uongo ni dhambi mpya.

Tatu, linda siri. Katika mji wetu tumekimbia nyumba zetu zaidi ya mara moja, na aliyeingia nyuma yetu alisoma alichokuta. Usiandike dhambi waziwazi, wala siri za jirani. Tia alama uijuayo wewe, na ukiisha kuungama chana karatasi ile, maana Mungu ameisamehe. Kwa nini wewe uitunze?

Nne, mara kwa mara zungumza na padri wako au mtu mwenye busara juu ya mwendo wako. Sisi tusingaliiona safu iliyopungua bila jicho la mwingine.

Na asiyejua kusoma asidhani kwamba hana daftari. Tunamfahamu mama mmoja mzee, mkristu wa siku nyingi, ambaye akikosana na jirani hufunga fundo katika pindo la kitenge chake. Hulivaa fundo hilo kisimani, sokoni, hata kanisani, na kila mkono wake ulipogusapo hukumbuka. Hulifungua siku ile tu wawili hao waliposalimiana. Tulimwuliza kama halimwaibishi mbele ya watu. Akajibu kwamba watu hudhani amefunga fedha.