Kuurudisha Ukuta Kwenye Uzi

Nyumba za kale za miteremko ya Kilimanjaro zilisukwa. Fundi wa msonge alisimika miti, akaizungushia fito, akafunga kila makutano kwa kamba za mgomba, kisha akaezeka kwa nyasi au majani makavu ya migomba kutoka kileleni hadi karibu na ardhi. Paa na ukuta vilikuwa kitu kimoja. Marangu bado kuna misonge ya kuonyesha wageni. Ingia, subiri macho yazoee giza, kisha inua kichwa: utaona duara ndani ya duara, fito zikikata miti, fundo kwa fundo, kama tenga kubwa lililofunikwa juu ya familia pamoja na mifugo yake.

Mwaka 1851 msanifu majengo wa Ujerumani, Gottfried Semper, alichapisha kitabu kilichodai kwamba mzazi wa ukuta ni mkeka. Kwa maoni yake, binadamu alitenga nafasi zake kwa vitu vilivyosukwa kabla ya kupanga mawe, na mawe yalipokuja yaliendelea kuvaa nakshi za msusi. Ushahidi wa dai hilo uko huku kwetu, na ndiyo sababu naipenda kazi ya wasanii wanaochukua nakshi za majengo wakazigeuza kuwa batiki, darizi na sanaa ya vitambaa vilivyochanganywa na vitu vingine. Wapo wanaoiona kuwa kazi ya kunakili. Mimi naiona kuwa kazi ya kurudisha: uzi unarudishiwa kilichokuwa chake.

Shuka sasa hadi Soweto, Moshi mjini. Hapa inatawala saruji, lakini msusi hajaondoka. Yumo kwenye matofali ya matundu yanayokinga varanda na kupitisha upepo. Fundi hushindilia mchanga na saruji kwenye kalibu, na tofali hutoka likiwa na robo ya duara kwenye pembe. Likiwa peke yake halisemi kitu. Panga manne, na duara zima litatokea katikati, ingawa hakuna tofali hata moja lililolibeba. Msusi yumo pia kwenye nondo za madirisha zilizochomelewa kwa umbo la almasi au la jua linalochomoza, na yumo kwenye mageti. Ukikaribishwa sebuleni utamkuta tena, kwenye vitambaa vya makochi vilivyofumwa kwa mkono: tundu, uzi, tundu, mpangilio uleule wa ukuta wa varanda. Mama aliyefuma na fundi aliyejenga huenda hawajawahi kuzungumzia sanaa hata siku moja, lakini mikono yao imefikia wazo moja.

Msanii ndiye anayewakutanisha. Kazi yake huanza na karatasi nyembamba iliyobandikwa juu ya tofali na kusuguliwa kwa mkaa, mpaka kingo za tundu zijitokeze pamoja na ukwaru wa saruji. Hapo huja uamuzi mzito: kipande kipi ndicho mbegu ya nakshi? Akichukua kikubwa mno, atakuwa amehamisha ukuta tu. Akichukua kidogo mno, sura ya ukuta itapotea. Akishaipata, huisogeza, huizungusha, huipindua kushoto kuwa kulia. Mwaka 1891 Mrusi Evgraf Fedorov alithibitisha kwamba nakshi inayojirudia pande zote juu ya bapa ina namna 17 tu za kujirudia. Anayechonga mihuri ya batiki huzigundua namna hizo kwa vidole, moja baada ya nyingine, na kila anayoipata humfungulia ukuta mpya ndani ya ukuta uleule.

Batiki ina somo lake lenyewe. Nta iliyoyeyushwa hugongwa kwa muhuri kwenye kitambaa cha pamba, na mahali ilipokaa nta, rangi haipiti. Hivyo ni lazima kuamua: nta iwe saruji, au iwe tundu? Ikiwa saruji, ukuta utabaki mweupe na hewa itapata rangi. Ikiwa tundu, mwanga ndio utakaobaki mweupe, na ukuta utaingia gizani. Kitambaa kikichovywa mara ya pili, rangi nzito ikifuata hafifu, kinaweza kubeba pia kile kivuli cha matundu ambacho jua la jioni hukilaza mshazari sakafuni na kukirefusha. Nta nayo hupasuka kitambaa kinapokunjwa, rangi ikapenya kwenye nyufa, na kazi ikatoka na mishipa myembamba ya plasta iliyozeeka. Mchoro wa mtaalamu wa majengo hauna mishipa hiyo. Nyumba iliyokaliwa na watu inayo.

Baada ya rangi huja vitu vyenyewe, na hapa mlima ni mkarimu. Gunia la kahawa lina historia nzima ya Moshi ndani yake, zao lililowafanya wakulima kuunda chama kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933. Chomoa nyuzi zake kwa mpangilio na utapata dirisha lenye nondo. Kamba ya mgomba ikishonewa juu ya pamba inakuwa tena fito ya msonge. Mabaki ya vitenge kutoka kwa mafundi cherehani yanaunganishwa kiraka kwa kiraka kuwa geti. Udongo mwekundu uliochanganywa na gundi unarudisha uzito wa ukuta. Kuchanganya vitu bila sababu huzaa fujo. Kila kitu kikiwa na nasaba na jengo, mtazamaji anaihisi nasaba hiyo hata kabla hajaelezwa.

Wapo waliotangulia. Uganda, Sanaa Gateja huviringisha karatasi zilizotumika zikawa shanga, akazishona juu ya kitambaa cha gome la mti, ufundi ambao UNESCO iliutambua mwaka 2005. Afrika Kusini, lilikotoka jina la Soweto, Esther Mahlangu alizitoa nakshi za Kindebele kwenye kuta za nyumba, na mwaka 1991 akazipaka kwenye gari la BMW. Pwani yetu ina kanga, yenye pindo pande zote nne, mji katikati na jina lake: mpango kamili wa jengo lenye ukuta, ua na maandishi mlangoni. Tuna walimu wa kutosha. Kinachopungua ni ujasiri wa kutazama karibu. Milango ya Mji Mkongwe wa Zanzibar imechapwa kwenye mabegi na mashati mpaka imechoka, wakati kuta za mitaa ya bara hazijaguswa.

Nazo hazitatungoja. Dirisha la aluminiamu na kioo linachukua nafasi ya nondo, na varanda yenye matundu inazibwa ili iwe chumba. Sioni ubaya wa mtu kuboresha nyumba yake. Naona hasara ya nakshi kuondoka bila kuandikwa popote, kwa sababu aliyebuni kalibu ile hakuweka saini, na hakuna aliyemwomba aiweke. Sanaa ya vitambaa inaweza kulipa deni hilo. Anayetaka kuanza asitafute mbali: achukue karatasi na mkaa, aende kwenye ukuta wa nyumbani kwao au wa jirani, aombe ruhusa, asugue tofali moja. Aulize ni nani aliyejenga. Na siku kazi itakapotundikwa mbele ya watu, karibu na jina la msanii liandikwe jina la mtaa na, akipatikana, jina la fundi wa ukuta ule. Wote wawili ni wasusi.