Mwalimu, mlima na sauti ya Richard Burton

Wengi huitaja sauti ya Richard Burton, mwigizaji wa Wales, kama kipaji cha kuzaliwa. Kipaji kilikuwapo, lakini hadhira ilichokisikia jukwaani kilikuwa kazi ya mwalimu wake wa sekondari, na kazi hiyo inaweza kuelezwa hatua kwa hatua.

Mwigizaji huyo alizaliwa mwaka 1925 kwa jina la Richard Jenkins, mtoto wa 12 kati ya 13 wa mchimba makaa ya mawe. Mama yake alifariki kabla hajatimiza miaka miwili, akalelewa na dada yake mjini Port Talbot. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiwelisi. Mwaka 1941 aliacha shule akauza nguo katika duka la ushirika. Mwaka uliofuata akarudi darasani. Huko alikuwapo Philip Burton, mwalimu wa Kiingereza na msimamizi wa maigizo, ambaye pia aliiandikia redio ya BBC. Mwaka 1943 alimchukua kijana akaishi naye. Alitaka kumwasili, sheria ikakataa: ilidai tofauti ya miaka 21 kati yao, naye alipungukiwa siku 20. Basi akawa mlezi wake kisheria, na kijana akachukua jina la Burton.

Zoezi lao kuu lilifanyika mlimani. Richard alitamka maneno ya Msimulizi katika Henry V ya Shakespeare huku mwalimu akizidi kwenda mbali. Sharti lilikuwa moja: asikike bila kupiga kelele.

Sharti hilo ndilo kiini cha mbinu. Anayepiga kelele hukaza koo, sauti ikapanda na kukwaruza, naye akaishiwa pumzi katikati ya sentensi. Tena kelele huongeza nguvu za irabu, ambazo hata bila kelele husafiri vizuri. Kinachopotea njiani ni konsonanti: hizo ni dhaifu, na ndizo zinazotofautisha neno na neno. Kwa hiyo msikilizaji wa mbali hupata mvumo bila maana. Ukikatazwa kelele, njia zinazobaki ni kuvuta pumzi ya kutosha kutoka chini ya mbavu, kulegeza koo, na kutamka kila konsonanti mpaka mwisho wake.

Mahali napo palisaidia. Ukumbini kuta hurudisha sauti, na mwanafunzi hujidanganya kwamba amesikika. Mlimani hakuna ukuta, kwa hiyo hakimu ni sikio la mwalimu aliye kule mbali.

Matokeo yalionekana hata pale ambapo umbali haukuwapo. Mwaka 1954 Richard alikuwa msimulizi mkuu wa Under Milk Wood, mchezo wa redio wa Dylan Thomas. Mbele ya maikrofoni hakuhitaji nguvu, lakini maneno yalibaki na kingo zake hata aliposhusha sauti. Miaka 10 baadaye aliigiza Hamlet kwenye Broadway, New York, mara 137.

Mbinu hii haihitaji ukumbi wala vifaa. Uwanja wa mpira wa shule yoyote unatosha. Ila kwa Kiswahili mwalimu asikilize mahali pengine katika neno. Maneno yetu huishia kwa irabu na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo silabi ya mwisho ndiyo humezwa. Mwigizaji akisema "alipigwa" kwa uvivu, aliyekaa nyuma husikia "alipiga", na aliyeonewa anageuka mkosaji mbele ya hadhira nzima. Kumwambia mwanafunzi huyo "paza sauti" hakumsaidii, kwa maana atapaza "pi" na kuimeza "gwa" kama mwanzo. Mwambie amalizie neno, kisha rudi nyuma hatua kumi umsikilize tena.